Mbwa anachechemea: kabla hujatuma hela ya kopo la viungo

Simu ya mwisho katika kipindi cha asubuhi wiki iliyopita ilitoka Mamba, huku Mpimbwe.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Sina salamu ndefu, salio linaisha. Nina swali la mbwa."

Studio tulicheka kidogo, maana simu tunazozoea ni za mbolea, bei ya mpunga na ng'ombe waliopotea. Mzee hakucheka. Alisema mbwa wake, Jeki, amelinda zizi mwaka wa tisa sasa. Tangu masika yaishe, asubuhi anachukua muda mrefu kuinuka, miguu ya nyuma kama si yake. Akitembea kidogo anakaa sawa, lakini jioni ng'ombe wakirudi yeye anakuja nyuma yao, mbali. Mjukuu wake aliyeko Mpanda ameona kwenye simu picha ya kopo lenye mbwa wa kizungu anaruka ukuta. Dawa ya viungo. Shilingi 85,000 pamoja na nauli ya kuisafirisha kwa basi.

"Sasa nitume hela au nisitume?"

Nilimwomba asitume kwanza. Jibu kamili sikuwa nalo, na muda wa kipindi ulikuwa umekwisha. Baada ya hapo nilizungumza na afisa mifugo, nikasoma nilichoweza kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika kwa urefu kwa sababu baada ya simu ile tulipokea ujumbe mwingine zaidi ya kumi, wote wa mbwa wanaochechemea. Inaonekana wenye swali hili ni wengi, ila wengi wanaona aibu kumpigia simu mtangazaji kuhusu mbwa.

Aibu hiyo haina sababu. Kwa shilingi 85,000 unaweza kurudi na mbuzi kutoka mnadani. Na mbwa mzuri wa zizi ndiye anayefanya mbuzi huyo aamke salama usiku ambao fisi wameshuka. Kwa hiyo swali la mzee ni swali la mali, si la mapenzi ya mbwa peke yake.

Kiungo kinaharibikaje

Mahali mifupa miwili inapokutana, goti au nyonga kwa mfano, ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu. Umeshaiona ukila mguu wa kuku: ile sehemu nyeupe, laini, inayoteleza, iliyo mwisho wa mfupa. Kati ya gegedu na gegedu kuna ute unaolainisha, kama grisi kwenye ekseli ya baiskeli. Gegedu haina mishipa ya damu. Hiyo ndiyo shida yake kubwa, maana kidonda cha ngozi kinaletewa damu kikapona, lakini gegedu ikilika hupona vibaya au haiponi kabisa.

Mbwa akizeeka, au akiwa aliwahi kuumia goti, au alizaliwa na nyonga isiyokaa vizuri, gegedu inalika kidogokidogo. Kiungo kinavimba ndani, kinauma, mfupa unaota vinundu pembeni. Dalili zake ni kama alizotaja mzee: kukaza asubuhi, kulegea akishatembea, kuumia zaidi wakati wa baridi au baada ya siku ya kazi nzito. Mbwa hulalamika kidogo sana. Halii kama mtoto. Anaacha tu kuruka, anaacha kukimbilia mgeni, anakuwa mkali ukimgusa kiuno, au analamba goti lilelile kila siku mpaka manyoya yanabadilika rangi.

Ugonjwa huo upo kweli, na ndio unaotengenezewa makopo. Lakini si kila mbwa anayechechemea anao, na hapa ndipo hela nyingi hupotea.

Kwanza shika mguu

Afisa mifugo niliyezungumza naye aliniambia jambo ambalo kila mfugaji analijua kwa ng'ombe ila analisahau kwa mbwa: anza chini. Tazama kati ya vidole. Mwiba wa mgunga ukiingia pale hukaa wiki nzima bila kuonekana. Tazama kucha iliyopasuka. Tazama juu ya kifundo kama kuna alama ya waya, maana mbwa wa huku kwetu wanaofuata wachungaji karibu na hifadhi hunasa kwenye mitego ya waya iliyowekewa wanyama wengine, na kidonda kinaweza kufunika juu huku ndani kinaoza. Kwa mbwa wa namna hiyo, kopo la viungo halina kazi yoyote.

Halafu kupe. Fungua masikio, chungulia kwapani na kati ya vidole. Kupe wa mbwa hueneza vijidudu vinavyoingia kwenye damu, na mmoja wa magonjwa hayo huleta homa, kukonda, fizi kupauka, wakati mwingine damu puani, na viungo kuvimba mpaka mbwa anachechemea leo mguu huu, kesho ule. Ugonjwa huu una dawa ya vidonge, ukiwahiwa na mtaalamu wa mifugo. Ukimpa mbwa huyo unga wa viungo kwa miezi miwili ukisubiri matokeo, utamzika.

Kama mbwa ni mdogo, hajamaliza mwaka, na miguu inapinda au anaona uchungu akisimama, tazama sahani yake kabla ya kutazama kitu kingine. Mtoto wa mbwa anayekula ugali mtupu au pumba na maji ya mboga hapati protini wala madini ya kujenga mfupa. Hali inakuwa hiyohiyo, na watu wengi hawaamini wakisikia, kwa anayelishwa nyama tupu bila mfupa, kwa sababu nyama ina kalsiamu kidogo mno. Dagaa wazima waliosagwa na miiba yao, waliochanganywa kwenye ugali, husaidia sana. Ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa likawa unga laini, ni kalsiamu karibu tupu: nusu kijiko cha chai ina takriban gramu moja. Huhitaji kuagiza kopo Dar es Salaam kwa kitu ambacho kuku wako anakitaga. Ila usizidishe ukidhani kingi ni bora. Kwa watoto wa mbwa wakubwa wa kizungu, kalsiamu iliyozidi nayo huharibu mifupa.

Hapa simama

Kuna jambo moja ambalo ningependa ulisome hata kama hutasoma mengine.

Mbwa ambaye miguu ya nyuma imelegea ghafla, ndani ya siku moja au mbili, hasa kama taya linaning'inia, mate yanamtoka, anashindwa kumeza, sauti imebadilika, au tabia yake imegeuka, usimfungue mdomo. Usimpe kidonge. Usichungulie kooni ukidhani amekwamwa na mfupa. Huo unaweza kuwa kichaa cha mbwa.

Wengi tunajua kichaa kile cha kukimbia na kuuma ovyo. Kipo pia cha kimya: mbwa analegea, anajificha, anapooza. Hiki ndicho kinachowaponza watu wema, kwa sababu mbwa anaonekana mgonjwa wa kuhurumiwa, na mwenye mbwa anaingiza mkono mdomoni kumnywesha dawa. Virusi viko kwenye mate. Mchubuko mdogo kidoleni unatosha. Na kwa binadamu, dalili zikishaanza hakuna tiba.

Mfungie mahali peke yake bila kumshika, weka watoto mbali, mpigie afisa mifugo wa kata. Ukiwa umeshaumwa au mate yamegusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukaulizie chanjo. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani, kwa hiyo tumia saa ya simu.

Tofauti na ugonjwa wa viungo ni mwendo wake. Viungo vya uzee huharibika polepole, kwa miezi, na mbwa anaendelea kula, kukujua na kutikisa mkia. Kama Jeki wa mzee wetu, aliyekuwa anakula vizuri muda wote huo. Hata hivyo mzee alipopigiwa simu tena swali la kwanza tulilomuuliza lilikuwa la chanjo. Jeki alichanjwa mara ya mwisho mwaka juzi. Chanjo ya kichaa kwa mbwa ni ya kila mwaka, kuanzia umri wa miezi mitatu, na kila tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi huwa na kampeni za kuchanja.

Kopo lenyewe lina nini

Sasa tuseme umetazama yote hayo na mtaalamu amekuthibitishia kwamba ni viungo vya uzee. Kopo linasaidia?

Makopo mengi ya viungo vya mbwa yana vitu viwili vikuu: glukosamini, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kutokana na magamba ya kamba na kaa, na kondroitini, inayotolewa kwenye gegedu za ng'ombe, nguruwe au papa. Wazo lake ni rahisi na linavutia: vitu hivi vimo ndani ya gegedu, kwa hiyo ukivila vitaenda kujenga gegedu. Wasiwasi unaanza hapo. Mtu hali kucha ili zimwote kucha. Tumbo na ini huvunjavunja kile unachokula, na katika mbwa ni sehemu ndogo tu ya glukosamini inayofika kwenye damu.

Wataalamu wamejaribu sana. Kwa binadamu, utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ulihusisha watu 1,583 wenye maumivu ya goti. Kwa jumla, waliopewa glukosamini na kondroitini hawakupata nafuu kuliko waliopewa kidonge bandia kisicho na kitu. Kwa mbwa na paka, watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal, Kanada, walikusanya tafiti zote walizoweza kuzipata na mwaka 2022 wakatoa majibu. Mafuta ya omega 3, yale ya samaki, yalionyesha kusaidia. Glukosamini na kondroitini hazikuonyesha, na wao wakasema zisiendelee kupendekezwa kwa maumivu ya viungo.

Wapo madaktari wa mifugo wasiokubaliana nao moja kwa moja, na wapo wanaoendelea kuzitoa kwa sababu hazina madhara makubwa. Mimi si daktari. Ila nikiwa na 85,000 na zizi la kulinda, nisingeiweka hapo.

Utaniuliza: mbona jirani yangu alimpa mbwa wake akapona? Swali zuri, na jibu lake lilinishangaza. Maumivu ya viungo hupanda na kushuka. Mtu hununua dawa siku mbwa ameumwa kuliko siku zote. Baada ya siku hizo mbaya huja siku za nafuu zenyewe, na kopo linapata sifa. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 ambapo mbwa walipitishwa juu ya ubao unaopima kila mguu unakanyaga kwa nguvu kiasi gani. Wenye mbwa waliopewa dawa bandia mara nyingi walisema mbwa wao ana nafuu, wakati ubao ulionyesha mguu ni uleule. Hawakuwa waongo. Walikuwa wanatamani apone.

Mafuta ya samaki, na hesabu yake

Kama utanunua kitu kimoja cha kula kwa ajili ya viungo vya mbwa, basi kiwe hiki, lakini tupige hesabu kwanza.

Kinachofanya kazi ndani ya mafuta ya samaki ni aina mbili za mafuta zinazoandikwa kwenye lebo kwa herufi EPA na DHA. Hizi hupunguza uvimbe ndani ya kiungo. Kipimo kinachotajwa sana kwa mbwa wa kilo 15, ambaye ndiye mbwa wetu wa kawaida wa kijijini, ni zaidi ya miligramu 2,000 za EPA na DHA zikijumlishwa, kwa siku. Kidonge cha mafuta ya samaki kinachoandikwa miligramu 1,000 kwa kawaida kina miligramu 300 tu za EPA na DHA. Kilichobaki ni mafuta mengine. Kwa hiyo ni vidonge saba hivi kila siku, kwa wiki kadhaa kabla hujaona tofauti. Chupa ya vidonge 30 inaisha kabla ya wiki. Hesabu hiyo huioni kwenye tangazo.

Na usichanganye mafuta ya samaki na mafuta ya ini la samaki, ambayo nayo yanauzwa famasi. Ya ini yana vitamini A na D kwa wingi, na vitamini hizo zikijazana mwilini humdhuru mbwa. Vidonge saba vya aina hiyo kwa siku si dawa tena.

Dagaa je? Dagaa wanayo mafuta haya, ingawa kukaushwa juani kunayapunguza. Kiganja cha dagaa kwenye chakula cha mbwa mzee ni kitu kizuri kwa misuli na mifupa, na kinagharimu kidogo. Ila sitakudanganya kwamba kinafikia kipimo cha kutibu viungo. Kama dagaa wana chumvi nyingi, waloweke kwanza na umwage maji.

Wengine hutaja manjano, kolajeni na unga wa kome wa New Zealand. Sikuona kati ya hivyo kitu kinachostahili bei ya mbuzi.

Ukiamua kununua hata hivyo

Hela ni yako. Basi angalau soma lebo, au mpe kijana akusomee. Iseme kiasi cha kila kitu kwa miligramu, si jina tu. Iseme uzito wa mbwa na kipimo chake. Tafuta tarehe ya mwisho wa matumizi, hasa kwa mafuta ya samaki, ambayo huchacha kwa joto letu la bondeni. Yakinuka kama samaki aliyelala, yamwage. Tafuta neno xylitol, sukari bandia inayowekwa kwenye baadhi ya vidonge na dawa za maji za binadamu ili ziwe tamu. Kwa mbwa hiyo ni sumu: hushusha sukari ya damu kwa haraka na inaweza kuua ini. Na muuzaji asiyekuuliza mbwa ana kilo ngapi, huyo anauza kopo tu.

Jihadhari zaidi na unga usio na lebo unaouzwa kwenye kimfuko. Virutubisho vya kweli, hata vile vinavyosaidia, huchukua wiki nyingi. Ukimpa mbwa unga jioni na asubuhi anakimbia, usifurahi haraka. Kuna uwezekano mkubwa ndani yake mna dawa kali ya maumivu au steroidi iliyochanganywa kimya kimya, na hujui kiasi chake.

Dawa za binadamu usiguse

Ujumbe mmoja tuliopokea ulisema: "Mimi nampa diklofenaki nusu, anatembea vizuri." Wa pili ulitaja ibuprofeni. Hizi tunazo kila nyumba, ni za bei nafuu, na ndizo zinazowamaliza mbwa. Diklofenaki na ibuprofeni hutoboa vidonda tumboni mwa mbwa na huharibu figo kwa kiasi ambacho kwa mtu si kitu. Mbwa anatembea vizuri siku tatu, ya nne anatapika damu au anajisaidia choo cheusi kama lami, na mwenye mbwa anasema amelogwa. Panadol nayo si salama kwa kukisia. Kwa paka ndiyo usithubutu kabisa, hata kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Dawa za maumivu za mbwa zipo. Meloksikamu ni mojawapo, na hii hutumika kwa binadamu pia, jambo linaloleta kishawishi. Tazama ukubwa wa tofauti: mbwa wa kilo 15 huhitaji takriban miligramu 1.5 kwa siku. Kidonge cha binadamu ni miligramu 7.5 au 15. Ukimpa kimoja kizima umempa mara tano au mara kumi. Ndiyo maana dawa hii lazima ipimwe na mtaalamu wa mifugo, baada ya kumwangalia mbwa, na asipewe pamoja na steroidi wala dawa nyingine ya maumivu. Ukiitumia, mpe akiwa amekula, na akitapika au akikataa chakula, acha siku hiyohiyo upige simu.

Kumwagia oili chafu kwenye miguu au kumchoma kiungo kwa chuma cha moto, mambo ambayo nimeyaona kwa macho yangu, hayafiki kwenye gegedu. Chuma kinaongeza kidonda juu ya maumivu, na oili anailamba.

Kinachosaidia bila kopo

Kuna utafiti mmoja maarufu uliomalizika Marekani mwaka 2002. Mbwa 48 aina ya Labrador walilelewa wawili wawili tangu wakiwa wadogo, mmoja wa kila jozi akipewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenzake. Wale wembamba waliishi karibu miaka miwili zaidi, na viungo vyao vilichelewa sana kuharibika. Hakuna kopo lililowahi kuonyesha matokeo kama hayo.

Najua unacheka. Mbwa wetu wa Mpimbwe hawana tatizo la unene, wengi unaweza kuwahesabu mbavu ukiwa barabarani. Lakini mbwa wa mjini Mpanda wanaofungiwa getini na kushibishwa mabaki ya hoteli wapo, na kwao tiba ya kwanza ya nyonga ni kupunguza sahani. Mbwa wa kijijini mwenye viungo vibovu mara nyingi anahitaji kinyume chake, yaani protini zaidi ili misuli ishike kiungo. Dagaa, maharage yaliyoiva vizuri, maziwa ya mgando kama hayamharishi. Maini na mapafu yenye malengelenge ya maji usimpe kabisa. Yachome au yafukie, kwa sababu ndani yake mna minyoo inayopita kwa mbwa na kurudi kwa watu.

Pahali pa kulala pana uzito kuliko watu wanavyofikiri. Mwezi wa sita na wa saba ardhi ina baridi alfajiri, na mbwa mzee akilala kwenye udongo mtupu anaamka amekaza kama mbao. Mamba ina mpunga, na pumba zake hutupwa milima kwa milima nje ya mashine. Jaza gunia, lishone mdomo, liweke mahali pakavu pasipo na upepo. Libadilishe likishaingia unyevu au viroboto.

Kazi nayo ipunguzwe bila kukatwa. Mbwa aliyefungwa mnyororo kutwa hukauka misuli na viungo vinazidi kukaza. Matembezi mafupi kila siku, mwendo uleule, ni bora kuliko kumlaza siku sita halafu siku ya saba akafuata ng'ombe mpaka malishoni na kurudi. Kucha ndefu zikatwe, maana zinamfanya akanyage vibaya. Na dawa ya kupe itumike, ila usichukue ile uliyochanganya kwa ajili ya ng'ombe ukamwogeshea mbwa hivyohivyo. Vipimo vinatofautiana, na baadhi ya dawa hizo mbwa hazimfai. Uliza dukani au kwa afisa mifugo, na mfunge mdomo kwa kitambaa asijilambe mpaka akauke.

Jeki alikaguliwa Jumatano. Mtaalamu alimgeuza, akamkunja na kumnyoosha miguu ya nyuma, akasikia mkwaruzo kwenye nyonga zote mbili. Alimkuta pia na kupe wengi masikioni, mpaka mzee akashangaa, lakini hakuwa na homa na fizi zake zilikuwa nyekundu vizuri. Alipata chanjo, akaogeshwa dawa ya kupe, akaandikiwa dawa ya maumivu ya kupewa zile siku mbaya tu. Mzee hakututajia gharama kamili. Alisema tu kwamba ile 85,000 haikuisha, na iliyobaki imenunua ndoo ya dagaa.

Kazi ya kwenda malishoni sasa anaifanya mbwa mdogo. Jeki anabaki nyumbani kwenye gunia lake la pumba, karibu na mlango wa zizi. Bado anachechemea asubuhi. Juzi usiku, mzee anasema, ndiye aliyebweka wa kwanza.